2,147,483,647: utasa ni jambo moja, kikomo cha kompyuta ni jambo lingine

Kila gumzo la "mwaka 2038" linapoibuka mitandaoni, yaani hofu kwamba saa za kompyuta zitakosea mwaka huo, namba moja huandamana nalo: 2,147,483,647. Wapo wanaosema ndiyo namba kubwa kuliko zote ambazo kompyuta inaweza kuihesabu. Wapo wanaosema ilichaguliwa kwa makusudi kwa sababu ni namba tasa, na kwamba utasa huo ndio unaolinda siri zetu za kifedha. Wengine wanadai hesabu ikifika hapo, kila mtambo duniani utazima. Ndani ya kila dai mna chembe ya ukweli, ila imefungwa pamoja na mambo yasiyohusiana nayo. Namba hii ina sifa mbili kubwa: ni tasa, na ni kikomo cha aina fulani ya hifadhi ndani ya kompyuta. Sifa zote mbili zinatokana na umbo lake, lakini hakuna iliyozaa nyenzake.

Husomwa bilioni mbili, milioni mia moja arobaini na saba, laki nne na elfu themanini na tatu, mia sita arobaini na saba. Kabla ya kuendelea, tuwekane sawa kwenye maneno matatu. Kigawo cha namba ni namba inayoigawanya bila kuacha baki: 3 ni kigawo cha 12. Namba tasa ni ile iliyo kubwa kuliko 1 na ambayo vigawo vyake ni viwili tu, 1 na yenyewe, kama 7 au 13. Kipeo huonyesha namba imezidishwa kwa yenyewe mara ngapi: 2⁵ ni 2 × 2 × 2 × 2 × 2, yaani 32.

Umbo lenyewe sasa. Anza na 1, zidisha kwa 2 mara 31, kisha toa 1. Unapata 2³¹ − 1, ndiyo namba yetu.

Kompyuta huandika namba kwa tarakimu mbili tu, 0 na 1. Kila nafasi huitwa biti, na thamani yake ni maradufu ya ile iliyo kulia kwake: 1, 2, 4, 8, 16 na kuendelea. Saba huandikwa 111, kwa kuwa 4 + 2 + 1 = 7. Nane huandikwa 1000. Kwa uandishi wetu wa kawaida 999 ni 1000 kasoro moja. Kwa uandishi wa kompyuta 111 ndiyo 1000 kasoro moja. Kwa hiyo 2³¹ − 1 ni mfuatano wa moja thelathini na moja, bila sifuri hata moja ndani yake:

1111111111 1111111111 1111111111 1

Mstari huo mmoja unabeba karibu kila kitu kitakachofuata.

Tunajuaje kwamba ni tasa?

Tuangalie kwanza mfuatano wa moja 15, yaani 2¹⁵ − 1 = 32,767. Kumi na tano hugawanyika katika mafungu matano ya tatu tatu: 111 111 111 111 111. Maana yake 111, ambayo ni 7, inaingia ndani ya namba nzima bila baki, na kweli 32,767 ni 7 × 4,681. Ukizipanga tano tano, unapata mafungu matatu ya 11111, ambayo ni 31, na hicho ni kigawo kingine. Kwa njia hiyo hiyo, kila mfuatano wa moja ambao idadi yake inagawanyika hutoa namba inayogawanyika. Thelathini na moja haigawanyiki katika mafungu yaliyo sawa, kwa hiyo namba yetu haiangushwi na hoja hii.

Hapa ndipo wengi huteleza. Hudhani kwamba idadi ya moja ikiwa tasa, basi namba nzima ni tasa pia. Sivyo. Moja 11 zinatoa 2,047, nayo ni 23 × 89. Moja 23 zinatoa 8,388,607, ambayo ni 47 × 178,481. Moja 29 zinatoa 536,870,911, ambayo ni 233 × 1,103 × 2,089. Namba za umbo hili ambazo kweli ni tasa huitwa namba tasa za Mersenne, kwa jina la mtawa Mfaransa Marin Mersenne. Mwaka 1644 alitoa orodha ya vipeo, hadi 257, alivyoamini vinatoa namba tasa. 31 ilikuwamo, lakini 67 na 257 zilikuwamo pia na hazifai, huku 61, 89 na 107 zinazofaa zikiachwa nje. Kutajwa na Mersenne hakukuwa uthibitisho.

Uthibitisho ulitoka kwa Leonhard Euler, mwanahisabati mzaliwa wa Uswisi, mwaka 1772. Kazi yake inastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu inaonyesha jinsi akili inavyookoa jasho.

Njia ya moja kwa moja ni kugawanya kwa kila namba tasa na kuona kama kuna inayoingia bila baki. Huhitaji kwenda mbali kupita kipeuo cha pili cha namba, yaani ile ambayo ikizidishwa kwa yenyewe huitoa namba hiyo, kwa kuwa vigawo huja viwili viwili: kikiwapo kikubwa, kiko na mwenzake mdogo. Sasa 46,340 × 46,340 ni 2,147,395,600, bado ndani. 46,341 × 46,341 ni 2,147,488,281, imeshapita. Basi mwisho ni 46,340. Chini ya hapo kuna namba tasa 4,792. Kugawanya namba ya tarakimu kumi mara 4,792 kwa mkono ni kazi ya kuvunja moyo, na kosa moja la hesabu linaharibu yote.

Euler alitumia vichujio viwili. Cha kwanza: namba tasa yoyote inayogawanya 2³¹ − 1 lazima, ukitoa 1, igawanyike kwa 31. Unaweza kuiona kanuni hiyo ikifanya kazi kwenye 2,047, ambayo ina moja 11: 23 ni 2 × 11 + 1, na 89 ni 8 × 11 + 1. Kichujio cha pili: namba hiyo tasa ikigawanywa kwa 8 lazima ibakize 1 au 7. Jaribu tena: 23 hubakiza 7, na 89 hubakiza 1. Ukiunganisha masharti yote mawili kwa ajili ya 31, vigawo vinavyowezekana ni vya umbo 248n + 1 au 248n + 63 tu.

Ziandike kutoka mwanzo: 63, 249, 311, 497, 559, 745, 807, 993, 1,055, 1,241, 1,303. Nyingi hujitoa zenyewe kwa sababu si tasa: 63, 249, 807 na 993 hugawanyika kwa 3, 745 na 1,055 kwa 5, 497 ni 7 × 71, 559 ni 13 × 43, 1,241 ni 17 × 73. Katika kumi na moja hizo zimebaki mbili za kujaribu, 311 na 1,303. Ukigawanya namba yetu kwa 311 unabakiwa na 35. Kwa 1,303 unabakiwa na 226. Endelea hivyo hadi 46,340: namba za maumbo hayo mawili ni 373 kwa jumla, na zilizo tasa miongoni mwake hazifiki mia moja. Hakuna hata moja inayoingia bila baki. Kazi iliyohitaji migawanyo karibu elfu tano imekuwa ya siku chache kwa mtu makini mwenye kalamu.

Leo kuna njia fupi zaidi kwa namba za umbo hili, iliyoanzishwa na Mfaransa Édouard Lucas na kunolewa baadaye na Mmarekani Derrick Lehmer. Anza na 4. Izidishe kwa yenyewe, toa 2, kisha chukua baki baada ya kugawanya kwa namba unayoichunguza. Rudia hatua hiyo mara pungufu ya kipeo kwa mbili. Ukiishia kwenye 0, namba ni tasa. Usipoishia kwenye 0, si tasa. Kwa 2⁵ − 1 = 31 unarudia mara tatu: 4 inakuwa 14; 14 × 14 − 2 ni 194, baki yake kwa 31 ni 8; 8 × 8 − 2 ni 62, baki yake ni 0. Tasa. Kwa namba yetu unarudia mara 29 na kuishia kwenye 0. Kwa 2,047 unarudia mara tisa na kuishia kwenye 1,736, ambayo si 0, na tayari tumeona vigawo vyake.

Namba yetu ni ya nane katika mlolongo wa Mersenne, baada ya vipeo 2, 3, 5, 7, 13, 17 na 19. Ina pia sifa ambayo wachache wanayo: kipeo chake, 31, chenyewe ni namba tasa ya Mersenne, kwa kuwa 31 = 2⁵ − 1. Namba tasa zinazojulikana zenye sifa hiyo ni nne tu: 7, 127, 2,147,483,647, na 2¹²⁷ − 1.

Kila namba tasa ya Mersenne huzaa namba timilifu, yaani namba iliyo sawa na jumla ya vigawo vyake vyote vilivyo vidogo kuliko yenyewe. 6 ni 1 + 2 + 3. 28 ni 1 + 2 + 4 + 7 + 14, na hupatikana kwa 7 × 4. Ya kwetu hupatikana kwa 2,147,483,647 × 2³⁰, nayo ni 2,305,843,008,139,952,128. Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow aliandika kwamba namba timilifu hiyo ndiyo kubwa kuliko zote zitakazowahi kugunduliwa, kwa kuwa hakuona nani angejisumbua kutafuta nyingine. Mwaka 1876 Lucas alithibitisha utasa wa 2¹²⁷ − 1, yenye tarakimu 39, na hapo hapo ikapatikana namba timilifu kubwa kuliko ya Barlow. Mwezi Oktoba 2024 ilitangazwa namba tasa ya Mersenne yenye kipeo 136,279,841; ina tarakimu 41,024,320. Anayekuambia kwamba 2,147,483,647 ndiyo namba tasa kubwa kuliko zote yuko nyuma kwa zaidi ya karne moja.

Wala si adimu kwa eneo lake. Karibu na bilioni mbili, wastani ni namba tasa moja katika kila namba 21 au 22. Inayoitangulia ni 2,147,483,629 na inayoifuata ni 2,147,483,659. Kinachoipa heshima ni umbo. Angalia hata majirani zake wa karibu kabisa: 2,147,483,648 haina kigawo tasa kingine ila 2, wakati 2,147,483,646 ni 2 × 3 × 3 × 7 × 11 × 31 × 151 × 331. Ndiyo maana ukiigawanya namba yetu kwa 3, 7, 11 au 31 unabakiwa na 1 kila mara.

Kikomo kinatoka wapi?

Programu nyingi hutenga biti 32 kwa ajili ya kutunza namba moja kamili. Kwa kuwa tunahitaji namba hasi pia, nusu ya michanganyiko hupewa chanya pamoja na sifuri, na nusu hupewa hasi. Ni rahisi kuliona hili kwa biti nne. Kuanzia 0000 hadi 0111 ni 0 hadi 7. Kisha 1000 haisomwi nane bali −8, 1001 ni −7, na kuendelea hadi 1111 ambayo ni −1. Namba zimepangwa kama kwenye uso wa saa: mshale ukimaliza mzunguko hurudi ulikoanza, na hapa mahali pa kurukia ni kati ya 7 na −8. Ukiwa na 7 ukaongeza 1, unatua kwenye −8.

Kwa biti 32 mahali hapo ni kati ya 2,147,483,647 na −2,147,483,648. Upande wa hasi una namba moja zaidi kwa sababu sifuri imechukua nafasi upande wa chanya. Hali hii ya hesabu kupita kikomo na kutua upande wa pili huitwa kufurika.

Je, utasa una mkono hapa? Linganisha vikomo vya ukubwa mwingine. Biti 8 zina kikomo cha 127, ambayo ni tasa. Biti 16 zina 32,767, ambayo tumeona si tasa. Biti 32 zina namba yetu, tasa. Biti 64 zina 9,223,372,036,854,775,807, yaani mfuatano wa moja 63. Sitini na tatu hugawanyika katika mafungu 21 ya tatu tatu, kwa hiyo namba hiyo inagawanyika kwa 7. Kompyuta haijali. Wahandisi walichagua biti 32 kwa sababu ni 8 maradufu mara mbili, na ikaangukia kuwa 31 ni kipeo cha Mersenne. Ni sadfa tu, tena sadfa nzuri.

Si kweli pia kwamba kompyuta haiwezi kuhesabu zaidi ya hapo. Kikomo ni cha nafasi iliyotengwa na mwandishi wa programu. Lugha ya programu ya Python huipanua nafasi ya namba kamili kadiri kumbukumbu inavyoruhusu. Kwa upande mwingine, aina ya namba kamili iitwayo int katika lugha ya Java ni biti 32 siku zote, hata programu ikiendeshwa kwenye mashine ya biti 64. Kununua kompyuta mpya hakubadilishi hilo.

Kosa linalojificha zaidi ni la hesabu ya katikati, yaani matokeo ya mwisho yako ndani ya kikomo lakini njiani umekivuka. Tuseme unatafuta wastani wa 1,500,000,000 na 1,500,000,000. Jibu ni wazi. Ila programu ikijumlisha kwanza, inapata 3,000,000,000, ambayo kwa biti 32 inageuka −1,294,967,296, na wastani unatoka −647,483,648. Dawa ni kuchukua namba ndogo, kisha kuijumlishia nusu ya tofauti.

Mwaka 2038

Mifumo mingi hutunza wakati kama idadi ya sekunde tangu kuanza kwa tarehe 1 Januari 1970. Sekunde 2,147,483,647 ni siku 24,855 na saa 3, dakika 14 na sekunde 7. Zinatimia tarehe 19 Januari 2038, saa tisa na dakika 14 na sekunde 7 usiku kwa saa za kimataifa. Mfumo unaotunza sekunde hizo katika biti 32 zenye alama ya hasi na chanya utaongeza moja na kutua kwenye tarehe 13 Desemba 1901.

Unaotunza kwa biti 64 hautahisi kitu. Simu na kompyuta za kisasa kwa sehemu kubwa zimeshahamia huko. Penye shaka ni vifaa vilivyofungwa ndani ya mitambo na kusahauliwa, mafaili ya mfumo wa zamani, na programu ambazo hakuna anayezisasisha. Wala si lazima kusubiri 2038: programu inayokokotoa tarehe ya mwisho ya mkopo wa miaka 25 au muda wa cheti cha muda mrefu tayari imeshavuka kikomo hicho.

Kaunta, yaani vihesabio vya ndani ya programu, za muda mfupi hufurika mapema zaidi. Kaunta inayoongezeka kila sehemu ya mia ya sekunde hufika kikomo baada ya siku 248 na nusu hivi. Mwaka 2015 mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani iliagiza ndege za Boeing 787 zizimwe umeme kabisa kabla ya siku 248 za kuwashwa mfululizo, kwa sababu kaunta ndani ya vidhibiti vya jenereta ingefurika na kuvizima. Inayohesabu milisekunde hufurika baada ya siku 24 na saa 20 hivi. Mtambo "unaogoma kila baada ya wiki tatu na nusu" uchunguzwe hapo kwanza.

Mahali ambapo utasa unatumika kweli

Kuna sehemu moja ambako sifa hizo mbili zinakutana: utengenezaji wa namba za nasibu, yaani zinazoonekana hazina mpangilio, ndani ya programu. Anza na namba yoyote kati ya 1 na 2,147,483,646, izidishe kwa 16,807 (yaani 7⁵), kisha chukua baki baada ya kugawanya kwa 2,147,483,647. Ukianza na 1 unapata 16,807, halafu 282,475,249, halafu 1,622,650,073. Kwa kuwa kigawanyo ni tasa, na 16,807 ilichaguliwa vizuri, mfuatano hupita namba zote 2,147,483,646 kabla ya kujirudia. Laiti kigawanyo kingekuwa 2³¹, ukianza na namba witiri ungepata witiri tupu milele. Na kwa kuwa kila baki inaenea ndani ya biti 32, ilifaa sana kwa mashine za zamani.

Usiitumie njia hii kwa nywila wala droo ya fedha. Anayeona namba moja ya mfuatano huo anaijua inayofuata. Na kuhusu siri: funguo za kawaida za RSA, njia mojawapo ya kuficha ujumbe, hujengwa juu ya namba zenye tarakimu 617, zao la namba tasa mbili kubwa zinazofichwa. Namba tasa inayojulikana na kila mtu, tena ya tarakimu kumi, haiwezi kuficha chochote.

Kwa watu wengi, mahali watakapokutana na 2,147,483,647 ni kwenye jedwali la data. Namba za simu zenye msimbo wa nchi mara nyingi huwa na tarakimu 11 au 12, na zikiingizwa kwenye safu ya aina ya INT, yaani namba kamili ya biti 32, hazienei. Mfumo wa kutunza data wa PostgreSQL hukataa na kutoa kosa. Mwenzake MySQL, ikiwa haijawekwa kwenye hali kali, hupunguza kila namba iliyozidi hadi kikomo na kuonya tu, kwa hiyo unakuta wateja mamia wenye "simu" moja: 2147483647. Kuibadilisha safu kuwa BIGINT, ya biti 64, kutazuia uharibifu mpya, lakini hakurudishi namba zilizopotea; hizo zitafutwe kwenye fomu za awali au nakala za akiba. Na kwa namba za simu, safu ya maandishi ndiyo sahihi tangu mwanzo, kwa sababu hakuna anayezijumlisha, na sifuri ya mbele hubaki ilipo.